Vyombo vya Mwerezini

Sandy Ferry, Karolina ya Kusini
9 Januari 1893

Mpendwa mdogo wangu Lucius,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Kama joto la Haiti limekukondesha, shukuru. Mimi mapishi ya Keziah yamenifanya nishindwe kufunga vifungo vya kizibao. Anakusalimu sana. Binti yetu Ardelia bado anafundisha shule ya kanisa, na bado ananisahihishia barua, kwa hiyo ukiona sentensi iliyonyooka ujue si yangu. Mimi nimetimiza miaka hamsini na miwili. Nywele za watu nazikata vizuri kama zamani. Zangu zimeondoka bila hata kuniaga.

Kitabu chako kilifika. Nakiweka chini ya taulo hapa kinyozini, na Mzungu mmoja akitoka kabla mwingine hajaingia, nasoma ukurasa. Jumapili mchungaji aliwasomea watu sura nzima. Shangazi Dorcas akasimama katikati ya ibada akauliza, "Huyo ndiye Lucius wa Hester? Yule aliyejifunza herufi kwenye magunia ya unga?" Akaambiwa ndiye. Basi akakaa, akanyamaza mpaka wimbo wa mwisho, na wewe unamjua Dorcas. Kimya chake kilistahili kuandikwa tarehe. Hata mimi niliyekuona ukifukuzwa na bata mzinga nilitazama mikono yangu nikastaajabu. Mikono hii ilikuosha uso, nawe ukiwa mtoto wa mtumwa katika shamba la mtu. Leo taifa zima linakutuma ukasimame mbele ya marais kwa niaba yake. Hesabu hiyo naifanya kila siku na kila siku inanishinda.

Sasa jambo lenyewe. Kampuni ya maghala ya pamba inadai Mwerezini, makaburi yetu. Wanasema ni pori tu, na kwamba wazee wetu hawakuwa na hati. Kweli hati hatuna. Yule mwenye shamba aliwaambia wazee kwa mdomo, "Zikaneni pale penye mierezi," na mdomo wenyewe umekufa. Vibao vya mbao vimeoza vyote. Jaji Brandt atakuja kupaona kwa macho yake tarehe 18 Aprili. Tukishindwa, watachimba msingi wa ghala juu ya watu wetu. Bwana Rivers, wakili wetu, anasema angelala usingizi kama wewe ungekuwepo. Unaweza kuja?

Na neno moja dogo. Mama mdogo Hester, kama ujuavyo, yuko peke yake ng'ambo ya mwerezi mkubwa, kwa sababu alikufa kwa ndui. Makaburi mengine yote yana vyombo vya waliolala, juu ya lake hakuna. Kikombe chake nilikiweka mimi siku ya mazishi, wewe ukiwa kando yangu. Mwaka ule ulipokwenda Washington kusomea sheria, kikombe nacho kikapotea. Unajua lolote?

Kaka yako,
Ephraim Grice


Cap-Haïtien, Haiti
1 Februari 1893

Kaka yangu Ephraim,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie Shangazi Dorcas. Mke wangu Cordelia alishikwa na homa wakati wa Krismasi, sasa ameinuka, na jambo la kwanza alilofanya ni kumfukuza mpishi. Mwanangu anazungumza Kifaransa vizuri kuliko mimi, naye halisahau hilo.

Unanitukuza mno. Ungeuona ukuu wangu wa leo ungecheka. Asubuhi nimeamua ugomvi wa nahodha na tani sita za magogo. Mchana nimeandika orodha ya vitu vya baharia wetu aliyefia hospitali: kisu, kinanda cha mdomo, viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto. Nusu ya kazi ya balozi mdogo ni kuandika walichoacha wafu. Kila nikiandika orodha hizo najiuliza nani, huko nyumbani kwa huyu, angekitambua kisu hiki.

Kuja siwezi. Ruhusa kutoka Washington huchukua miezi, na huku milimani kuna waasi wenye bunduki. Lakini nisikilize, kaka, na Bwana Rivers asikilize. Hati tunayo. Ni vyombo vilivyo juu ya makaburi. Kila jagi, kila saa iliyosimama, kila taa iliyovunjwa na kuwekwa pale ni shahidi. Msiguse kitu. Msifagie, msipalilie, msinyooshe hata sahani iliyolala kando. Jaji apakute kama palivyo.

Meli ya barua inapiga honi, nalazimika kuishia hapa.

Mdogo wako,
Lucius Pettigrew


Sandy Ferry
3 Machi 1893

Mpendwa Lucius,

Barua yako ilifika tarehe 27 Februari. Tu wazima. Mvua imenyesha vizuri. Keziah ameotesha mboga, na nguruwe wa jirani ameshazila. Ardelia amechumbiwa na fundi wa reli, kijana mrefu, mpole, anayekula kama moto. Mchungaji amepata miwani mipya. Paka wetu amezaa.

Ardelia anasema niache habari za paka.

Lucius, nimesafisha Mwerezini.

Ilikuwa tarehe 18 Februari, barua yako ingali baharini. Nilijiambia, Jaji anakuja, mtu ninayemnyoa kila Jumanne, anajua jinsi taulo zangu zilivyo nyeupe. Akute magae na taa zilizopasuka? Atasema hili ni jalala. Basi nikachukua reki na toroli. Nilikusanya kila kitu, mdogo wangu wee, kila kitu, kwa uangalifu wa mpumbavu, nikajaza mapipa mawili. Nilifagia mpaka kwenye mwerezi mkubwa. Ng'ambo yake sikufika. Mgongo ulisema umechoka, nami sijawahi kubishana na mgongo wangu. Jioni nilipatazama nikaona pamekuwa pazuri kama ukumbi. Nikajisifu!

Kesho yake Shangazi Dorcas akaja.

"Ephraim Grice. Umefanya nini?"

"Nimesafisha, shangazi."

"Uchafu gani uliouona?"

"Nilitaka Jaji apakute na heshima."

"Kwa hiyo mama yangu alikuwa uchafu?"

Alikunja mkono wa gauni, akauzamisha katika pipa mpaka begani, macho yake yakiwa kwangu na si kwenye pipa, akatoa jagi la manjano lililovunjika mdomo. Akaondoka nalo. Hakutazama chini wala kuhesabu hatua. Alipita uwanja ule mtupu kama mtu anayekwenda jikoni kwake gizani, akainama, akaliweka. "Hapa," akasema. "Sasa mwombe radhi." Nikaomba, Lucius, kwa magoti, na suruali ile ilikuwa ya kanisani.

Sasa kinamama wote wanataka vyombo vyao. Mlangoni kwangu pana foleni ndefu kuliko ya kunyolewa. Naogopa nimewapa wale wa kampuni ushindi kwa mkono wangu. Bwana Rivers alipoona alikaa juu ya kisiki. Nifanye nini? Nimewaomba wasubiri barua yako, na hawatasubiri sana.

Hukunijibu kuhusu kikombe.

Kaka yako mpumbavu,
Ephraim


Cap-Haïtien
21 Machi 1893

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa Ardelia, na poleni kwa mboga. Cordelia yu mzima na tuna mpishi mpya.

Nilipofika penye reki na toroli nilipiga ukelele, na karani wangu akaja mbio akidhani mapinduzi yameanza. Kisha nikasoma tena. Mara ya tatu nikasimama.

Kaka, hukuona ulichoniandikia? Mwanamke wa miaka sabini ametoa jagi katika pipa bila kutazama, akalipeleka mahali pake katika uwanja usio na alama. Kama vyombo vingekuwa vimelala pale, kampuni ingesema tumevitupa juzi. Sasa hakuna wa kusema hivyo. Usimrudishie mtu hata kipande. Mapipa yafungwe leo hii, mbele ya Bwana Rivers na wakili wa kampuni, yapigwe lakiri na muhuri wa pande zote mbili. Mwombe Shangazi arudishe jagi lake pipani. Mwambie ni mimi ninayeomba, nami nimepiga magoti huku niliko, kwa suruali ya ofisi ya serikali. Asifundishwe mtu lolote. Wasikutane kukumbushana. Siku ya Jaji, mapipa yafunguliwe na kila mtu aitwe.

Utaniuliza kama nina hakika. Nakumbuka siku nilipopimwa niwe wakili. Mawakili watatu walikaa mezani, wa nne akasimama mlangoni ili acheke vizuri. Waliniuliza kwa saa tano. Kila waliponikoroga nilitia mkono mfukoni nikashika kitu nilichokuwa nacho, na jibu likaja. Mwishoni yule wa mlangoni ndiye aliyenifungulia nitoke, naye hakuwa akicheka. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mtu akikijua kitu kwa mwili wake, hawezi kukoseshwa kwa maswali.

Barua hii naituma kwa meli ya Wajerumani, ina kasi zaidi. Iombee.

Lucius


Sandy Ferry
20 Aprili 1893

Mpendwa Lucius,

Wote tu wazima, salamu ni hizo, naona mkono wangu unakimbilia mbele.

Barua yako ilifika tarehe 6. Kinamama walikuwa wameshanipa hadi Jumapili. Dorcas alirudisha jagi akisema, "Nalirudisha kwa ajili ya magoti ya Lucius. Yako nimeyachoka." Mapipa yakapigwa lakiri. Jumanne iliyofuata nilimnyoa Jaji Brandt kama kawaida. Koo lake lilikuwa chini ya wembe wangu, na tulizungumza habari za mvua tu.

Tarehe 18 tukakusanyika. Bwana Rivers akasema maneno machache. Wakili wa kampuni akacheka: "Mheshimiwa, wanataka kutuonyesha magae." Jaji akaagiza mapipa yafunguliwe.

Dorcas alitangulia. Jagi la manjano, mahali palepale. Kisha wakaja wengine, mmoja mmoja, na Lucius, sijui nikuelezeje. Mtu anatia mkono, anatoa kikombe, sahani, kitako cha taa, anatembea kuvuka uwanja ule nilioufagia mimi, anaweka, anabaki amesimama hapo. Asa Whitlock, unayemkumbuka kuwa kipofu tangu vita, alipapasa mpaka akapata saa ya babake. Mtu akataka kumshika mkono. "Niache," akasema, "huko nimekwenda mara nyingi kuliko wewe." Akaenda peke yake, akapinda mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kukwepa, kisha nikakumbuka kuwa hapo ndipo alipolala bibi yake. Hakumkanyaga.

"Wamefundishwa hawa!" wakili wa kampuni akapaza sauti.

Jaji akashuka mwenyewe mpaka kwenye pipa. Akatoa kipande cha bakuli la bluu, akakiinua. "Cha nani hiki?"

"Cha mama," zikajibu sauti mbili kwa pamoja, moja kutoka mashariki, moja kutoka magharibi. Lavinia na Philomena Goss. Miaka tisa hawajasemeshana, na hakuna anayekumbuka sababu, labda wao wenyewe. Walitembea kila mmoja kutoka upande wake wakakutana penye doa moja la udongo. Jaji akapiga goti, akapangusa majani ya msonobari kwa kofia yake. Chini yake palikuwa na alama ya duara, kitako cha bakuli kilivyokaa pale miaka thelathini. Akakiweka kipande. Kikalala ndani ya alama kama mguu ndani ya kiatu chake.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Nilitazama watu sabini na watatu wamesimama, kila mmoja kwa mtu wake, na kwa mara ya kwanza niliwaona waliolala kama watu waliosimama pia. Nywele ningekuwa nazo zingesimama.

Jaji ametupa Mwerezini. Lakini si yote. Kampuni inashikilia ile kona ya ng'ambo ya mwerezi mkubwa, inayogusa barabara, ndiyo waliyoitaka tangu mwanzo. Jaji aliuliza, "Huko kuna nani?" Nikasema, "Hester Pettigrew, Mheshimiwa." Akauliza, "Chombo chake kiko wapi?" Nikasimama pale mikono mitupu, mimi niliyekiweka. Ametupa mpaka tarehe 31 Mei tulete uthibitisho. La sivyo kona ni yao.

Lucius, nimekuuliza mara mbili. Leo nakuuliza ya tatu, na sikuulizi kwa hasira.

Ephraim


Cap-Haïtien
6 Mei 1893

Kaka Ephraim,

Shikamoo. Cordelia yu mzima, mtoto mzima. Leo sitaficha kitu nyuma ya salamu.

Ni mimi.

Siku ile ya mazishi ulikigonga kikombe kwenye jiwe kabla ya kukiweka, kama desturi inavyotaka, na kishikio kikaruka. Miaka sita baadaye, asubuhi ya kuondoka, nilipita pale. Kishikio sikukiona. Nikachukua kikombe.

Unajua wanavyosema wazee wetu, kwamba ukichukua kitu juu ya kaburi mwenyewe atakufuata. Watoto wote tulitishwa hivyo. Kaka, ndiyo sababu nilikichukua. Nilikuwa nakwenda mahali ambapo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kwenda, na sikutaka kwenda peke yangu. Nilitaka anifuate.

Naye alinifuata. Kilichokuwa mfukoni mbele ya mawakili wale ni yeye. Vitabu vyangu vyote nimeviandika kikiwa mezani. Nilipovaa koti refu kwenda kumwona Rais wa nchi hii, nilikifunga katika leso nikaenda nacho. Mwanamke ambaye hakuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele wa nyumba aliyoipikia ameingia ikulu, na mizinga ikapigwa. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu, nilimwacha yeye bila alama ili mimi nipate ujasiri. Na kwa sababu niliogopa utaniambia nikirudishe.

Sasa nakirudisha. Kimo ndani ya kisanduku hiki pamoja na hati ya kiapo. Mimi ndiye ninayewaapisha Wamarekani wote wa bandari hii, lakini sheria hainiruhusu kujiapisha mwenyewe. Basi nilivuka barabara kwa balozi mdogo wa Ufaransa, mzee tunayecheza naye karata.

"Unataka kuapa juu ya nini?" akauliza.

"Kwamba niliiba."

"Kutoka kwa nani, rafiki yangu?"

"Kutoka kwa mama yangu."

Aliweka karata chini, akavaa koti lake la heshima pamoja na nishani zote, ndipo akachukua Biblia.

Tangu kisanduku kifungwe, meza yangu imekuwa pana mno.

Lucius


Sandy Ferry
2 Juni 1893

Mpendwa mdogo wangu,

Tu wazima wote, na Lavinia na Philomena Goss sasa wanazungumza kiasi kwamba majirani wanaomba wagombane tena.

Kisanduku kilifika tarehe 27, lakiri yenye alama ya ndege tai wa serikali haijaguswa. Jaji aliivunja mwenyewe juzi, pale ng'ambo ya mwerezi, akasoma kiapo chako kwa sauti. Alipofika kwenye neno "anifuate" alisimama kidogo akakohoa. Vumbi, alisema. Mvua ilikuwa inanyesha.

Wakili wa kampuni akasema, "Kikombe kinaweza kutoka dukani popote duniani."

Jaji akanigeukia. "Ephraim, kishikio kilirukia wapi?"

"Mheshimiwa," nikasema, "ningejua, ningekuwa nimekifagia."

Watu wakacheka, hata yeye. Lakini Dorcas hakucheka. Alikwenda akapiga magoti kwenye majani ya msonobari yaliyolowa, akaanza kupapasa. Lavinia akashuka, Philomena akashuka, kisha kinamama wote, wamevaa nguo za kanisani, wanapekua udongo kwa vidole. Nami nikashuka, mgongo na yote. Kona ile ile niliyoiacha kwa uvivu, Lucius! Mvivu mmoja anaweza kuokoa kitu ambacho wenye bidii kumi wangekiharibu; natumaini utaniandikia hati ya kiapo niionyeshe Keziah.

Dorcas ndiye aliyekipata, kimebanwa na mzizi. Akakifutia kwenye aproni, akampa Jaji. Jaji akakishika kwa mkono mmoja na kikombe kwa mwingine, akavikutanisha. Vikashikana. Nilikuwa karibu naye, na ufa sikuuona.

Alitazama miguu yake, akatambua amesimama wapi. Akarudi nyuma taratibu, hatua kwa hatua, mpaka akatoka ng'ambo ya mwerezi, na wakili wa kampuni akarudi nyuma pamoja naye. Amri aliisainia hapohapo, akiegemea mti. Kona ni ya mama mdogo.

Kikombe nimekiweka mahali pake mwenyewe. Nikamuuliza Dorcas kuhusu wewe, maana sentensi yako ile ya meza haikuniacha nilale. Akafikiri, akasema, "Kikombe kibaki. Kishikio mpelekee. Mwambie Hester alikuwa na miguu mizuri. Njia ameshaijua, atakwenda na kurudi."

Basi kimo humu, ndani ya kitambaa cha kinyozi. Usikiweke mezani. Kitie mfukoni.

Kaka yako,
Ephraim